Nani Atakunyang'anya Ufunguo?

Haya, nyinyi mnaoanza kazi ya kupima wagonjwa wa akili kama wanaweza kurudi kwenye usukani, sogeeni karibu kidogo. Niliwaona juzi pale kliniki mmembana dereva mmoja kwenye kona. Mmoja wenu anamuuliza leo ni tarehe ngapi, mwingine anamwambia ahesabu kutoka mia akirudi nyuma kwa saba saba. Maskini wa watu alikuwa anatokwa na jasho hadi kwenye kola. Nikajiambia, Robi, umestaafu, funga mdomo. Nikaufunga mpaka nje ya geti, halafu nikashindwa. Ndiyo maana naandika.

Mimi ni Sista Robi, Mkuria wa Ntimaru niliyefanya kazi miaka mingi kwa Wajaluo wa ufuoni, nikakizoea Kidholuo chao mpaka leo naota nacho. Nilikuwa muuguzi wa afya ya akili. Kuna kipande cha kazi hiyo ambacho wenzangu walikikwepa, nami ndicho nilichokipenda kuliko vyote: mtu alikuwa dereva, akaugua akili, akatibiwa, na sasa anataka kurudi barabarani. Leseni si sisi tunaotoa, na anayesaini ni daktari. Lakini daktari anamwona mtu kwa muda wa kumaliza kikombe cha chai, kisha anakugeukia wewe muuguzi na kukuuliza, "Sista, unaonaje?" Ukisema hapana, umemwondolea mtu ugali mezani. Ukisema ndiyo na ukakosea, umemweka mtoto wa mtu chini ya gurudumu.

Aliyenifundisha ni Sista Consolata, mama mmoja mfupi, mkali, aliyependa soda ya moto kutoka juani. Siku yangu ya kwanza naye nilikuja na maswali yangu nimeyapanga vizuri kama nyinyi. Alinisikiliza, akanywa soda yake, akasema, "Robi, gari haiendeshwi na mdomo." Basi. Akanipeleka barabarani.

Na alisema kweli. Nilikutana na dereva wa trekta la miwa aliyejibu kila swali langu la ofisini, akaniongezea na majina ya mawaziri ambao sikuwa nimewauliza. Tukampeleka kwenye usukani. Kabla ya saa sita mchana alianza kupiga miayo, miayo ya kufungua mdomo wote, na trekta likaanza kwenda kuchungulia mahindi ya watu. Ugonjwa ulikuwa umetulia kabisa. Shida ilikuwa dawa, alikuwa anaimeza alfajiri. Daktari akaihamishia baada ya chakula cha jioni, na yule mzee akaamka asubuhi macho makavu. Kwa hiyo ulizeni saa ya dawa kabla ya kuuliza jina la rais. Na kuna mwalimu wa kike, mtu wa kwetu Ntimaru, ambaye huzuni ilimkaba hata hakuweza kuhesabu kurudi nyuma bila kulia. Nikamwambia, wacha hesabu, twende. Aliendesha kwa utulivu mpaka nikasahau kwamba niko kazini.

Lakini Sista Consolata alikuwa na swali moja ambalo hakuliacha kamwe, na alilihifadhi la mwisho, baada ya barabara, baada ya dawa, baada ya yote. Alimkalia mtu mbele, akamtazama usoni, akamuuliza: "Ukianza kuugua tena, nani atakunyang'anya ufunguo?"

Si "nani atakusaidia," wala "nani atakuombea." Alitaka jina la mtu atakayechukua ule ufunguo mkononi mwako, nawe ukauachilia. Maana ugonjwa wa akili una ujanja huo, unapoanza kurudi, wa kwanza kudanganywa ni mwenyewe. Asiyekuwa na jina la kutaja, Consolata hakumpitisha, hata awe ameendesha namna gani. Nilidhani anazidisha. Mpaka nilipompata Okeyo.

Okeyo alikuwa dereva wa kanta ya samaki, lori dogo la mizigo. Asubuhi anapakia samaki na barafu ufuoni Karungu, anapeleka Migori, siku nyingine Homa Bay. Mtu wa mikono mikubwa, kicheko chake kiko karibu. Ugonjwa wake ni ule wa hisia kupanda na kushuka. Akishuka anageukia ukuta, hataki hata uji. Akipanda, jamani, Okeyo akipanda anapendwa na kila mtu kwa siku mbili tatu. Anaimba, anagawa, anapanga kununua boti, halali na wala hahitaji kulala.

Siku alipougua vibaya alipakia samaki wa mdosi wake, mwenye kanta, na badala ya kuwapeleka sokoni akaanza kuwagawa bure kando ya barabara. Watu walishangilia, nani atakataa mbuta wa bure? Achieng, mke wake, alikuwa amemsihi tangu asubuhi ampe ufunguo, akaambulia nyimbo. Kaka zake wawili walijaribu kumshika, akawaponyoka huku anacheka. Basi akafika mlima wa kuteremkia Homa Bay, gari mbio, yeye anaimba, na watoto wa shule walikuwa wanavuka. Kioo cha pembeni cha kanta kilinasa mkoba wa msichana mmoja na kuung'oa mgongoni. Mtoto alianguka, akainuka, akalia kwa sababu ya vitabu vyake.

Mkoba tu. Lakini Okeyo alipopata nafuu kule wodini hakuniuliza habari za kazi wala za mdosi. Aliniuliza, "Sista, yule mtoto alikuwa na mkoba rangi gani?"

Nikamwambia sijui.

"Mimi najua. Ilikuwa blue. Nikifunga macho naiona."

Nilimpenda mtu yule kuanzia hapo, na nawaambia wazi kwamba nilimpenda, maana mnafundishwa siku hizi kwamba mpimaji asimpende mgonjwa. Mpendeni tu. Kisha mpimeni kana kwamba mtoto wenu ndiye anayevuka.

Ikapita miezi mingi. Alimeza dawa zake, damu yake tukaipima, usingizi ukarudi. Achieng alikuwa akiuza mboga, na Okeyo alikaa nyumbani akiosha magari ya majirani bila kulipwa, ili mradi mkono uguse gari. Mdosi wake hakuwa mtu mbaya. Alinipigia simu akasema, "Sista, mimi nampenda huyo kijana, lakini samaki haingoji. Mwisho wa mwezi naandika dereva mwingine. Niambie tu, anaweza ama hawezi."

Tukapanga siku ya barabara. Sikuwa nampima mtu kwenye gari lake. Nilikuwa naazima gari la shule ya udereva, lenye breki upande wa mwalimu pia, na mwalimu mwenyewe alikuwa Otieno, mtu mpole kutoka Migori asiyejua kuogopa. Njia yetu ilikuwa kutoka kituo cha afya cha Macalder kwenda Karungu, na kurudi. Ni njia nzuri ya kumpima mtu, ina mbuzi, ina pikipiki zilizobeba magodoro, ina wachimba dhahabu wanaotembea katikati ya barabara kana kwamba na yenyewe wameichimba.

Okeyo aliingia, akavuta kiti, akafunga mkanda, akashika kioo cha ndani akakiweka sawasawa. Nikafurahi. Mimi nilikuwa nimekaa kiti cha nyuma, upande wa kulia, nyuma yake. Kabla hatujaondoka, mama mmoja mzee aliyekuja kuchukua dawa ya presha akaja dirishani kwangu.

"Sista, mnaenda Karungu? Miguu yangu leo imekataa."

Nyinyi mngemwacha? Hata Otieno alishamfungulia mlango. Mama akaingia upande wa kushoto, karibu nami, akajifunika leso kichwani hadi usoni na kugeukia dirisha. Akashika kishikio cha mlango kwa mikono miwili.

Okeyo akainua macho kwenye kioo. Niliona shingo yake inakakamaa.

"Mwalimu," akasema kwa sauti ya chini, "leo si tusibebe mtu."

Otieno akacheka, "Wacha wewe, ni nyanya tu. Twende."

Hapo nikaanza kuandika moyoni. Amekasirika haraka, nikasema. Kisha Okeyo akainua mkono, akashika kile kioo cha ndani, akakisukuma juu mpaka kikawa kinatazama paa la gari. Otieno akakirudisha. Tulipopita mahali pa kuchenjua dhahabu, kioo kilikuwa kimerudi paani. Otieno akanitazama, nami nikamtazama.

Safari ilikuwa ya ajabu. Mtu aliyezaliwa na maneno mengi hakusema neno. Nikimuuliza kitu, anatikisa kichwa. Mabega yameinuka mpaka masikioni, jasho linashuka shingoni. Mbuzi waliporuka barabarani alikanyaga breki vizuri, kwa utaratibu, hilo sikatai. Lakini lilikuja lori kutoka nyuma, likapiga honi, likapiga tena, na Okeyo hakujua kama lipo. Lilipotupita kwa kishindo aliruka kwenye kiti. Otieno alikuwa tayari ameweka mguu kwenye breki yake.

Tulipokaribia Karungu mama akasema, "Hapa." Okeyo akasimamisha gari, na kabla hata mama hajafungua mlango, yeye ameshashuka. Aliacha injini inanguruma, akaenda mpaka kwenye ua wa minyaa ng'ambo ya barabara, akasimama ametupa mgongo, anatazama ziwa.

"Sista," Otieno akaniambia polepole, "huyu bado. Mwandikie bado."

Nami nilikuwa nimeshafika hapo hapo, roho ikiniuma. Haangalii nyuma, hajibu, amenuna, anaacha gari linanguruma. Nilifikiria dawa imezidi. Nilimfikiria Achieng na meza yake ya sukuma wiki, na jinsi nitakavyompigia mdosi simu.

Mama alikuwa ameshuka, akazunguka gari na kushika dirisha langu. "Sista, kumbe hunijui."

"Hapana, Mama, unisamehe."

"Mimi ndio nilizaa Achieng."

Masikio yangu yalishika moto. Mama mkwe! Kwa Wajaluo wa pale, mtu na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hawatazamani usoni, hawakai pamoja, hawajibizani hata kwa mzaha. Na kwetu Ntimaru ni vilevile, ndilo lililonitia aibu zaidi, nimewaona wanaume wazima wakiacha njia na kupita shambani kwa sababu mama mkwe anakuja upande ule. Sasa mimi nimemchukua mama mkwe wa mtu, nimemweka kwenye kiti cha nyuma, pale pale kioo kinapoleta uso wake mbele ya macho ya mkwe wake, halafu nashangaa kwa nini kijana hatazami kioo.

Otieno alijifunika uso kwa mikono miwili, mabega yanatikisika kwa kicheko. "Sista, hata mimi ningeingiza gari kwa mtaro."

"Lakini Mama," nikasema, "wewe ulimjua. Kwa nini ukapanda?"

Hakucheka. Aliikaza leso yake kifuani. "Nyathina, mwanangu, binti yangu analala kwa nyumba ya huyo mtu. Wajukuu wangu wanapanda gari yake. Nyinyi mnampima na karatasi, mimi nikasema nitampima na mwili wangu. Kama ataniua, basi nitakuwa nimejua."

"Na umeonaje?"

"Ameendesha kama mtu amebeba mayai." "Lakini ile lori ya nyuma hakuiona. Hiyo si mzuri. Ingawa ni mimi nilimfunga macho."

Akaenda zake kwa hiyo miguu iliyokataa, na nawaambia ilikuwa inatembea vizuri sana.

Sikumpitisha Okeyo siku ile. Sikilizeni vizuri hapa, kwa sababu najua mtanigeuzia hadithi. Heshima ni kitu kizuri, lakini lori halijui kwamba una mama mkwe ndani ya gari. Nilimwambia hivyo tulipokuwa tunarudi.

"Ungeniambia, Okeyo. Ungesimamisha gari, ukaniita kando."

"Ningesema nini, Sista, na yeye anasikia? Hata kumtaja siwezi."

"Basi ungeshuka, ukakataa kuendesha."

Akafikiria. "Hiyo ningeweza," akasema. "Hiyo ni kweli. Kama siwezi kutazama kioo, nishuke."

Tulirudia wiki iliyofuata, gari likiwa na sisi watatu tu. Aliendesha na kuzungumza, akaeleza kila alichokiona kabla hajakifikia: mtoto yule ana mpira, mpira utakuja kwanza; pikipiki ile haitageuka, mwenyewe anatazama simu. Kioo alikiangalia mpaka nikaona anakizidishia kidogo kwa ajili yangu. Otieno alikunja mikono. Tulipofika karibu na shule moja Okeyo akapunguza mwendo kabisa, ingawa watoto walikuwa darasani.

Kisha nikamkalisha chini ya kivuli cha tangi la maji pale kituoni, nikamuuliza swali la Sista Consolata.

"Achieng," akajibu upesi.

"Achieng alijaribu. Ulimfanya nini?"

Akatazama viganja vyake. "Nilimwimbia. Nilimchekesha mpaka akasahau alikuwa anataka nini. Sista, mimi nikiwa juu nina maneno. Hata polisi nitamgeuza."

"Kaka zako?"

"Hao nitapigana nao nikicheka."

"Mdosi?"

"Mdosi nitamwambia tununue kanta mbili."

"Pasta wenu?"

"Huyo nitamhubiria."

Tulikuwa tunacheka wote, lakini kicheko kilikuwa kinakauka, maana sote wawili tuliona tunakokwenda. Nilimwambia ukweli. Umeendesha vizuri, ugonjwa umetulia, dawa zako ziko sawa, na bado siwezi kumwambia daktari ndiyo, kwa sababu dunia nzima haina mtu anayeweza kukunyang'anya ufunguo. Aliitikia kwa kichwa. Hakubishana, na hilo liliniumiza kuliko angebishana. Alikaa muda mrefu anachora chini kwa kijiti.

"Yuko mmoja," akasema mwisho, bila kuinua uso. "Huyo siwezi kumjibu. Hata nikiwa juu namna gani, sauti haitatoka."

"Nani?"

Hakumtaja. Alielekeza kidevu tu upande wa Karungu.

Siku iliyofuata nilikwenda kwa Min Achieng, ndivyo watu wanavyomwita pale, mama yake Achieng. Nilimkuta anaanika omena, wale dagaa wa ziwani. Nilipomweleza alicheka mpaka akajifuta machozi. "Mimi? Niweke ufunguo ya gari? Mimi hata baiskeli sijawahi kupanda!" Halafu kicheko kikamtoka usoni kidogo kidogo, akaendelea kugeuza omena wake.

"Boma yake siwezi kuingia hivi hivi. Wewe unajua."

"Najua, Mama."

"Nitasimama nje."

"Inatosha."

"Na kuongea naye, hapana."

"Usiongee."

"Sasa nitajuaje siku imefika?"

Tukamwita Achieng. Tukakaa watatu, tukamfundisha mama dalili: halali na hachoki, anaimba akiwa anakula, anaanza kugawa vitu vya nyumba, anataka kupaka kitu rangi. Rangi ndiyo ilikuwa alama ya Okeyo, kila mtu ana yake, zitafuteni. Akazirudia kwa mdomo wake mpaka nikaridhika. Daktari akasaini. Okeyo akarudi kwenye kanta kabla mwezi haujaisha, na mdosi akaniletea mbuta mkubwa ambaye kazi yangu hainiruhusu kumpokea, kwa hiyo akapikiwa wodi nzima.

Ningeweza kuishia hapo, na nyinyi mngeondoka mkiwa mmefurahi. Lakini ugonjwa ule una tabia ya kurudi, hata kwa mtu anayemeza dawa kama saa.

Ulikuwa msimu wa mvua. Achieng alinipigia simu asubuhi. "Sista, amenunua rangi. Anasema kanta iwe nyekundu na kijani. Hajalala tangu juzi. Ufunguo iko naye, anasema anaenda Homa Bay." Kwa nyuma yake nilisikia wimbo.

Nilichukua gari la kituo. Njia nzima niliwaza mlima ule wa kuteremkia, na nilijilaumu, na nilimlaumu Sista Consolata kaburini kwake, na nilijiuliza mimi nilikuwa nani kukabidhi maisha ya watoto wa watu kwa mama mzee na omena wake.

Nilipofika, kanta ilikuwa imesimama mbele ya boma imepakwa nyekundu mlango mmoja. Majirani walikuwa wamesimama mbali. Na nje ya lango, kwenye nyasi zenye maji, alikuwa amesimama Min Achieng peke yake. Hakuwa amemwita mtu, hakuwa ameketi. Amesimama tu, miguu peku, leso mabegani.

Okeyo akatoka ndani anaimba, ufunguo unazunguka kidoleni, anaita watu wapande, kuna nafasi kwa kila mtu, Homa Bay ni karibu. Alikuwa mzuri wa kutazama, Mungu anisamehe. Akafika langoni. Akamwona.

Wimbo ulikatika katikati ya neno.

Mama hakumtazama. Alivua leso yake mabegani, akaitandaza juu ya nyasi katikati yao, akainyoosha pembe moja iliyokunjamana. Kisha akageuka, akampa mgongo, ili asimwone na asionwe. Akangoja.

Nilimwona Okeyo anapigana. Midomo ilikuwa inakwenda, maneno yote yale aliyokuwa nayo yalikuwa yanasukumana mlangoni, na hakuna lililotoka. Mkono ulikaza ufunguo. Sijui ulikuwa muda gani. Halafu akapiga magoti kwenye maji, akauweka ufunguo katikati ya leso kwa mikono miwili, polepole, na akarudi nyuma kwa magoti kabla hajainuka. Alikuwa analia. Mimi pia.

Min Achieng alingoja mpaka aliposikia amerudi nyuma. Akainama, akaifunga leso fundo pale penye ufunguo, akaiweka begani, akaenda nyumbani kwake bila kumsemesha mtu. Okeyo akaja mwenyewe kwenye gari langu akaketi. "Twende, Sista," akasema, "kabla sijapata maneno tena."

Mara hiyo alikaa wodini muda mfupi. Hakuna samaki aliyegawiwa, hakuna mtoto aliyeguswa. Hapakuwa na mkoba wa kuota. Kanta ilibaki na mlango mmoja mwekundu, na mpaka leo mdosi amekataa uondolewe rangi, anasema ndiyo alama ya gari lake.

Tulipompima tena, karibu na siku zangu za kustaafu, kila kitu kilikwenda sawa isipokuwa ufunguo wenyewe. Min Achieng alikataa kuutoa. Dawa nimesikia, akasema, daktari nimesikia, lakini mimi bado sijapima. Kwa hiyo siku ya mwisho ya barabara katika kazi yangu ilikuwa njia ileile ya Macalder na Karungu, gari lilelile, Otieno mbele. Safari hii Okeyo mwenyewe aliniita kando kwanza.

"Sista, naomba mbadilishane. Mama akae nyuma yangu kabisa. Kiti changu kitamficha. Wewe kaa upande ule."

Mambo ya gari na mila yote yalikuwa yanahitaji kuhama kiti tu. Nilihamia kushoto, Min Achieng akaingia nyuma ya dereva, akajifunika leso yake, fundo la ufunguo ameliweka mapajani. Okeyo akaingia, akavuta kiti, akafunga mkanda. Akainua mkono kwenye kioo.

Akakirekebisha kidogo tu. Kikaonyesha barabara yote ya nyuma.

Aliendesha kimya, macho yanakwenda mbele, kioo, pembeni, mbele. Lori lilikuja nyuma. Akaliona mapema, akalipisha. Tulipokuwa tunakaribia ziwa niligeuka kumtazama Min Achieng, maana hakuwa amesema lolote tangu tuondoke. Mara ya kwanza, kumbukeni, alishika kishikio cha mlango kwa mikono miwili njia nzima. Sasa mikono ilikuwa wazi mapajani, leso imeteremka, kichwa kimeegemea kiti cha mkwe wake kwa nyuma. Nilidhani anaomba. Nikamsogelea nisikie.

Alikuwa amelala.